Cheni Iliyokataa Kukatika

Kwa Fundi Kahindi,
Duka la Spea, Makadara.

KUH: CHENI NGUMU KUPITA KIASI

Fundi wangu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakuomba uketi kabla ya kusoma, maana nimekasirika.

Utakumbuka nilikuja kwako na pikipiki yangu ya kupandia mawe na tope, ile nivukayo nayo Feri kwenda kupima mashamba Kwale. Nilikueleza kwamba cheni hukatika kila wiki mbili. Nilikueleza tu, Fundi, sikulalamika. Wewe ukaifunga cheni yenye pete za mpira ndani, na sproketi mbili mpya za chuma, yale magurudumu ya meno yanayovuta cheni, la mbele na la nyuma, ukasema cheni mpya juu ya meno yaliyochakaa ni kazi bure. Ile hafifu niliyoiomba ukakataa katakata kuniuzia. Miezi sita sasa, haijakatika hata mara moja! Malalamiko yangu ni haya:

1. Cheni ya zamani ilikuwa na adabu zake. Ilikatika mahali pamoja tu, mbele ya nyumba ya Mzee Zakariya, Mji wa Kale. Kwamba mimi niliilegeza kidogo kabla ya kufika, hilo halihusiani na barua hii.

2. Wajua mambo ya kwetu. Mwanamume akisimama mbele ya nyumba ya watu bila sababu, kabla ya magharibi ameshaulizwa ni mtoto wa nani na ataka nini. Lakini aliyeharibikiwa ana udhuru. Huletewa maji, kisha kahawa, kisha kashata, naye hukaa barazani mpaka amalize kutengeneza. Mimi nilikuwa si mwepesi wa kumaliza.

3. Maji yaliletwa na Nasiha, binti wa nyumba ile. Nampenda, Fundi. Nasema wazi kwa kuwa barua hii ni rasmi. Sijawahi kumwambia neno zaidi ya "ahsante" na "imekatika tena". Siku moja alinijibu, "Pole, cheni hii nayo haina haya." Maneno hayo niliyaishi wiki tatu.

4. Sasa napita pale mbio kama mtu mwenye shughuli zake. Juzi nimemkuta barazani kijana mmoja muuza kanga wa Biashara Street anakunywa kahawa. Kahawa yangu! Ana tuktuk, na tuktuk yenyewe, mashallah, ni mbovu kabisa.

5. Nimejaribu kila hila. Nimeinyima oili. Nimeipitisha kwenye changarawe na matope. Nimeikaza ikalia, nikailegeza ikaning'inia. Wapi! Yang'aa tu.

6. Kwa hivyo naomba unifungie cheni dhaifu kuliko zote dukani, na sproketi laini ya kuisha meno mapema. Ukikataa nitakushtaki kwa wazee wa mtaa kwa kosa la kuuza kitu kikawa vile vile ulivyosema. Biashara gani hiyo? Mafundi wote wakikuiga, Mombasa nzima itakuwa ni watu wa kupita tu, hakuna wa kusimama mlangoni kwa mwenziwe, na hakuna atakayeoa.

Nisalimie mkeo Eddah, watoto, na wote wanaokaa hapo dukani bila kununua kitu.

Mimi mteja wako mwenye uchungu,
Sabir Gharib

Baada ya kutia sahihi: Nikikuletea barua hii nimesimama kwa Mzee Zakariya, nikainama, nikajifanya imekatika. Akatoka Mzee mwenyewe. Kumbe alikuwa fundi wa kreni bandarini miaka thelathini! Akaivuta cheni, akapapasa meno ya sproketi moja moja, kisha akaniambia kitu hiki hakikatiki leo wala mwakani, basi niseme kilichonileta. Wallahi nikasema: ni Nasiha. Nimeambiwa niwalete wazee wangu Ijumaa baada ya alasiri. Naomba cheni usiiguse kabisa. Ila jiandae, Fundi: Nasiha ametuma neno kwamba miezi sita anamtafuta aliyeitengeneza pikipiki hii, na malalamiko yake ni makali kuliko yangu.