Rudisha Memori Yangu ya Zamani

Steshenari ya Wilhelmina,
Jirani na Stendi, Nyegezi,
Mwanza.
Alhamisi, saa sita mchana.

Kwa Fundi Zadok Otuoma,
Buhongwa.

Ndugu Fundi,

YAH: OMBI LA KUING'OA MEMORI ULIYONIWEKEA

Habari za tangu Jumamosi ile. Mimi ni mzima, na kompyuta nayo ni nzima kupita kiasi, ndiyo sababu ya barua hii.

Utakumbuka uliikuta na memori ya MB 128, umri wake miaka ishirini na ushei, kioo chake kina kisogo. Ukacheka. Ukafungua ubavu, ukafagia vumbi kwa brashi ya rangi, ukachomoa kipande kimoja, ukachomeka viwili. Ikawaka kabla sijavaa miwani. Nilikushukuru sana. Shukrani hiyo naifuta leo, kwa sababu zifuatazo:

1. Zamani nilikuwa nawasha kompyuta, nafagia kibaraza, nakwenda kwa Gladness muuza vitumbua, nakunywa chai, namuuliza habari za miguu yake, narudi, nakuta mashine bado inajikuna. Sasa inanisubiri mimi. Wiki nzima sijakaa kwa Gladness. Jana kaniuliza kama kuna neno baya nimeambiwa juu yake.

2. Wateja wangu, kama ujuavyo, wengi huja kuandikiwa barua wakiwa wamekasirika. Mtu mwenye furaha hupiga simu. Mwaka jana mzee Nkwabi alikuja kumshtaki shemeji yake, ambaye ng'ombe wake walikula majaruba mawili ya mpunga. Akaanza: "Andika, wewe si ndugu, ni mwizi mwenye mifugo." Mashine ikaganda kwenye neno "ndugu". Tukangoja. Nikampa karanga. Ilipozinduka, mzee mwenyewe akasema, "Hilo la mwizi liache kwanza." Ikaganda tena. Barua ilipotoka ilikuwa inaomba mbegu na kumsalimia dada mtu. Tangu Jumamosi, Ndugu Fundi, barua zinatoka hapa zikiwa za moto kama maandazi. Sitaki kukuandikia methali ya haraka na baraka, unaijua.

3. Hili ndilo lililonikalisha kitako kukuandikia. Leo saa nne ameingia Hellen, mshonaji wa chumba cha pili, na begi mkononi. Mume wake Nestory amechukua cherehani yake akampa Selina, dada yake mwenyewe, bila hata kumuuliza Hellen. Cherehani ile ndiyo iliyowalisha wote wawili mwaka ambao Nestory hakuwa na kazi. Hellen hakulia. Angelia ningejua la kufanya. Akasema tu, "Mama, andika. Kwenye simu nimemfungia, sitaki kusikia mdomo wake. Nataka karatasi yenye sahihi, akawaonyeshe wazee wake."

Ilikuwa mistari mitatu: narudi kwetu Kahama, usinifuate, cherehani itumie kumshonea dada yako sanda. Nilipofika kwenye "sanda" nilipunguza mwendo wa vidole, nikitegemea mashine iniunge mkono. Haikuniunga. Nilikuwa sijapata hata nafasi ya kumuuliza kama amekunywa chai. Dakika nne, Zadok! Bodaboda akaondoka na barua kuelekea kwa Nestory, na Hellen yuko stendi sasa hivi ninapoandika, anangoja basi la saa nane. Ndoa ya miaka kumi na moja, na mimi ndiye niliyeipiga chapa.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, uje uing'oe memori yako na urudishe ile ya zamani, ambayo nimeihifadhi ndani ya Biblia isipate unyevu. Pili, ikiwezekana, ile ya zamani nayo uipunguze kidogo. Tatu, upite kwenye steshenari zote kuanzia hapa hadi Buhongwa ufanye vivyo hivyo, maana mtu mwenye hasira akikosa huduma kwangu atavuka barabara. Nne, uwaeleze mafundi wenzako kwamba kompyuta yoyote itakayoandika barua za wanandoa isiwake kabla maharage hayajaiva, tena maharage makavu, ambayo hayakulowekwa.

Msalimie mkeo Jasmin, mama Akelo, watoto, na yule jirani yako mwenye redio, hata kama hamsemezani.

Wako katika masikitiko ya haraka,
Wilhelmina Mayala (Bi.)

Nyongeza: Nilikuwa nimeshatia sahihi, Nestory akaingia mbio, shati limelowa, kichwa cha cherehani begani. Alikwenda kukichukua kwa Selina, na huko wamegombana. "Shikamoo mama, basi la Kahama linatoka saa ngapi?" Ilikuwa saa nane kasoro dakika sita. Nikamwambia mkimbilie. Akasema, "Hataki kunisikia. Niandikie." Nikamuuliza niandike nini. Akasimama pale, jasho linadondoka kwenye kibodi, akasema, "Andika: nimekosa. Nilitaka kujionyesha kwa dada yangu kuwa nina kitu cha kutoa, na sikuwa nacho." Karatasi ikatoka hajamaliza kufuta uso. Nilimfuata hadi kwenye geti la stendi. Basi lilikuwa linageuza. Akainua karatasi dirishani, Hellen akaisoma kupitia kioo, akaisoma mara ya pili, akagonga ubavu wa basi kwa kiganja. Kashuka. Bado hajamsemesha, ila begi kambebesha.

Memori iache hapo hapo ilipo. Nimesikia kuna kipande kingine kikubwa zaidi. Njoo nacho kesho, asubuhi na mapema.