Mimba Iliyosikika Mtaa Mzima

"Mimba ya nani?" Asali alifoka kwa kunong'ona, maana nyuma ya pazia wateja walishapanga foleni.

"Yako," mkewe alijibu, akiendelea kukunja nguo.

"Yangu? Na yale madripu yote? Daktari alisema dawa za saratani huenda zimeunguza mbegu zote!"

"Alisema huenda. Akasema pia zinaweza kurudi, uende ukapimwe. Huu mwaka wa tatu nasubiri mtoto. Umeenda?"

Hakuwa ameenda. Mwanamume aliyeweza kumuuzia mwenye kipara kitana alikuwa akiogopa kikopo cha maabara. Badala yake alichemsha tangawizi na sukari, akaijaza chupani, akaiita Rudisha Uzazi, akawauzia waliotoka kwenye matibabu kama yake. Ushahidi wake ulikuwa picha ya mapacha wa dada yake.

"Si unainywa dawa yako?" mkewe aliuliza kwa upole wa kutisha, mkono mmoja nyuma ya mgongo. "Basi imefanya kazi. Au haifanyi?"

Hapo mjanja akanasa. Akiisifu dawa, mimba ni yake. Akiikataa mimba, dawa ni uongo. Wivu ukaishinda biashara.

"Haifanyi! Ni tangawizi na sukari! Hata sungura haiwezi kumzalisha!"

"...kumzalisha!" ukuta wa jirani ukaitikia.

Asali akageuka. Kipaza sauti alichotumia kutangazia dawa kilikuwa mkononi mwa mkewe, nyuma ya mgongo, kimewashwa.

Pazia likafunuliwa. Mama mmoja akamnyooshea chupa. "Binti yangu kamaliza mionzi juzi. Nirudishie changu, mwizi wee, kisha uniambie nimpeleke wapi."

"Hospitali, mama," alisema Asali, na hilo likawa neno lake la kwanza la kweli kwa mteja. Likamkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Akamrudishia kila mtu chake, akaimwaga sufuria nzima mtaroni. Sisimizi wakafaidi. Kisha mkewe akamshika mkono, naye akafuata kama mbuzi wa mnada.

Kwenye mlango wa maabara, kikopo mkononi, baba mtarajiwa akalainika. "Ina miezi mingapi?"

"Nini?"

"Mimba, mke wangu."

"Mimba ipi? Nami nilikuuzia tangawizi."

Asali aliutazama mlango wa kutokea, akakitazama kikopo. Miaka yote hiyo mjini, na mwalimu wa ujanja alikuwa analala ubavuni mwake!

"Mimi nakaa hapa hapa," mkewe alisema, akiketi kwenye benchi. "Ingia, bwana."

Akaingia.