Mtumbwi wa Taifa Usiguswe

Wizara ya Urithi na Mwendo wa Taratibu inapenda kuutangazia umma kwamba kijiji hiki cha kando ya mto sasa ni Hazina ya Utulivu wa Taifa, na kwamba mtumbwi wake, nao ni mmoja tu, ni marufuku kuguswa, kupandwa wala kulowana.

Afisa Urithi ndiye aliyeliandika tangazo hilo, na kila akilisoma lilimtekenya. Miaka kumi na moja alikuwa afisa msaidizi, cheo ambacho hata mkewe alikitaja huku akikohoa. Sasa Waziri mwenyewe angekuja kuzindua, na tetesi zilisema kuna kiti cha ukurugenzi kinatafuta makalio.

Kilichomvutia ni desturi. Mvushaji, mzee ambaye kijiji kizima kilimwita Polepole, hakusukuma mtumbwi kabla ya salamu kuisha. Kila abiria aliulizwa habari za nyumbani, za watoto, za mgongo, za yule mbuzi mgonjwa. Mbuzi akiwa amekufa, pole nazo zilipewa muda wake. Afisa alipima kwa saa, akapata dakika saba, akaziandika kwenye kanuni, kifungu cha nne. Kisha akaamuru mtumbwi uvutwe nchi kavu na uzungushiwe utepe.

"Sasa watu watavukaje?" Polepole aliuliza.

"Mzee wangu, urithi hautumiki. Urithi unatunzwa."

"Mke wangu yuko ng'ambo, sokoni."

"Si atarudi?"

"Na gunia la unga? Maji ni ya kifua, na unga hauogelei."

Afisa akampa fulana iliyoandikwa MLINZI WA URITHI. Polepole akaivaa, maana bure haikataliwi, akakaa kwenye kiti kuulinda mtumbwi wake usije ukaguswa na yeye mwenyewe.

Siku tisa zikapita. Kila jioni mkewe alipaza sauti kutoka ng'ambo, alikokuwa akilala kwa shangazi yake:

"Mume wangu, umekula?"

"Nimekula fulana!"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alimkumbuka mkewe, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu.

Siku ya uzinduzi Waziri akafika na magari matano, akasimama ng'ambo, maana barabara iko ng'ambo. Afisa akahesabu vikao vya maandalizi. Vikao kumi na vinne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za barabara.

"Leteni mtumbwi!" Waziri alifoka.

"Mheshimiwa, mtumbwi ndio urithi!"

"Nimeuruhusu!"

"Ruhusa ni kwa sahihi yako, Mheshimiwa! Fomu ninayo hapa!"

"Basi ilete!"

Afisa akaitazama fomu, akautazama mto. "Ikilowana ni batili!"

"Mpumbavu gani aliandika hizo kanuni?"

"Ulizisaini wewe, Mheshimiwa!"

Kimya kikatanda. Ulikuwa utulivu wa hali ya juu, na Afisa, kwa mazoea, akatazama saa. Waziri akavua suti, akamkabidhi msaidizi wake, kwa kuwa waziri habebi mzigo kichwani, akaingia majini na chupi yake ya mistari. Wananchi wakapiga makofi kama itifaki inavyotaka. Akaibuka upande wa pili akitetemeka, akasaini.

"Suti yangu! Haraka!"

Polepole akamwonea huruma. Akavua ile fulana, akamvisha, akamkalisha kwenye kiti, kisha akasukuma mtumbwi.

Ng'ambo, msaidizi alijipenyeza mbele na suti mkononi. Mke wa Polepole, aliyekalia gunia lake, hata hakuinuka.

"Panga foleni, baba. Mimi nina siku ya tisa hapa."

Suti ikapanga foleni, nyuma ya watu kumi na sita na mbuzi mmoja, kila mtu na dakika zake saba. Na za Polepole na mkewe hazikuwa saba. Afisa aliona heri asizihesabu.

Hatimaye mtumbwi ukarudi na abiria wake wa kwanza. Mama akashuka, mumewe nyuma na gunia begani. Akamwona mwanamume mwenye miguu mitupu ameketi kwenye kiti, kifuani MLINZI WA URITHI.

"Mmeajiri mpya?" akamuuliza Afisa. "Mmepata. Huyu anaonekana hajawahi kufanya kazi nyingine."

Afisa akafungua mdomo amtetee Waziri wake. Badala yake akampokea Polepole gunia.