Cheti Kilichonyimwa kwa Sababu ya Mbuzi

Sorandrea, 14 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuonja Mvinyo wa Bonde.

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na waonjaji wako wanne, ambao nawaombea pua zao zipone. Mimi ni Ermete Cavagnol, miaka themanini na mmoja. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, ingawa shule niliiachia darasa la tatu kwa kuwa mwalimu hakuwa na la kunifundisha zaidi.

Barua yenu nimeipata. Mnasema mvinyo wangu wa brusarola, zabibu nyeusi ya kijiji chetu, hauwezi kupewa cheti cha zabibu za asili kwa sababu una "harufu ya wazi ya mbuzi". Binti yangu Ivonne, ambaye siku hizi ndiye anayeendesha shamba, aliisoma mezani akaikunja. "Baba, tumefika mwisho," akasema. "Bila cheti hakuna mkahawa utakaochukua hata chupa moja. Jumatatu namwita mtu wa trekta, tung'oe brusarola yote, tupande zabibu za watu, hizi za kigeni zinazouzika." Mizabibu hiyo aliipanda babu yangu. Jumatatu ni siku nne zijazo. Kwa hiyo nitakuwa mfupi.

1. Harufu ya mbuzi si dosari. Mbuzi wangu kumi na wawili wanalala nyuma ya ukuta wa ghala la mvinyo. Samadi yao inalisha mizabibu, na majani yakipukutika wanayala wao. Mzabibu unamla mbuzi, mbuzi anaula mzabibu. Mlitaka unuke nini, waridi?

2. Kanuni zenu zinasema mvinyo wa asili uwe na "tabia ya mahali ulipotoka". Njooni Sorandrea mvute pumzi, halafu mniambie mahali petu pana tabia gani.

3. Waonjaji wako walionja wamekaa kwenye viti. Brusarola haionjwi hivyo. Uchanja unaobeba mizabibu yetu uko chini, zabibu tunazichuma tumepiga magoti, na kila mwisho wa baridi ule udongo ulioteremshwa na mvua tunaurudisha juu mgongoni kwa tenga, tukipanda matuta sitini ya mawe. Mimi bado napandisha, na vijana wa miaka hamsini nawaacha nyuma. Mpe kila mwonjaji tenga lake lililojaa, apande nalo hadi kwangu, ndipo apewe ugali wa moto na glasi. Akisikia harufu ya mbuzi hapo, kwanza ajinuse mwenyewe.

4. Jirani yangu Sisto Brennaz amepewa cheti, kwa zabibu hiyo hiyo. Nilimuuliza dukani kwa muuza mkate ametumia ujanja gani. "Ujanja gani, Mzee Ermete? Mimi nanawa mikono tu." Watu wakacheka, na muuza mkate naye. Mvinyo wake nimeuonja, hauna mbuzi hata wa dawa. Sasa fikiri, Ndugu Mwenyekiti. Mtu anaishi hatua mia moja kutoka kwa mbuzi wangu na mvinyo wake hauna habari nao. Huo utakuwaje wa asili?

5. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote: Sisto anyang'anywe cheti, mvinyo wa bonde zima uonjwe upya, na wowote usionuka mbuzi utangazwe kuwa wa kigeni, na kiti kimoja cha mwonjaji apewe beberu wangu, tunayemwita Waziri. Brusarola anaijua tangu jani, na hajawahi kutema.

6. Hoja ya sita nilikuwa nayo wakati nakamua mbuzi, imenitoka. Ilikuwa nzito kuliko zote.

Zabibu za watu sina ugomvi nazo. Ila brusarola imebaki kwangu na kwa Sisto tu, na Sisto hana mtoto wa kumwachia.

Naomba jibu kabla ya Jumatatu, maana mtu wa trekta huwa hachelewi. Nisalimie waonjaji wote, karani wako mwenye mwandiko mzuri, na mkeo kama unaye.

Ni mimi, nisiyeridhika,

Ermete Cavagnol
Mkulima, na bingwa wa mbio za tenga wa bonde, 1968

Nyongeza: Nilikuwa natafuta stempu Ivonne aliponiita ghalani. Alikuwa anaosha pipa kubwa, lile lililotoa chupa mlizoonja, na ndani, chini kabisa, amekuta jibini mbili za mbuzi, nzima, kubwa kama sahani. Huku kwetu jibini tunaizika kwenye makapi ya zabibu ili ikolee. Hizo nilizizika mimi Oktoba, humo humo pipani. Nikatoa makapi, jibini nikazisahau, nikamimina mvinyo mpya, na tangu hapo namwambia kila mtu jibini zangu kaiba Sisto. Ivonne hakunigombeza. Alichota glasi kwenye pipa dogo, ambalo sikuligusa, akainywa polepole amesimama. Halafu akatoka kumpigia simu mtu wa trekta kwamba asubiri kidogo. Hakusema asije, alisema asubiri. Basi la kesho linakuleteeni chupa mbili za pipa dogo. Tafadhali zionjeni kana kwamba hamkuisoma hoja yangu hata moja. Hazinuki mbuzi kabisa.