Kuhusu Jicho la Soko na Mwanangu Mwenye Kampuni Mbili

Mwanangu amenunua kampuni! Tena si moja, ni mbili: moja ya teknolojia, na nyingine ya dawa, ile inayotafuta tiba ya kisukari kwa kutumia vijidudu vilivyofundishwa kazi. Nisamehe, najua salamu ndizo hutangulia, lakini habari hii imenikaa kooni mwezi mzima na hata tarehe nisingeweza kuiandika kabla sijaitoa.

Ndugu Mhariri,

Pokea salamu zangu, mimi mama wa vifaranga, maana ndivyo mtaa mzima unavyoniita kwa sababu ya kazi yangu ya kutotolesha mayai. Sisi wazima. Mashine yangu ya kutotolea imefika siku ya kumi na tatu na baba watoto amepona kikohozi. Nakuandikia kulalamika. Malalamiko nimeyapa namba ili usije ukasema mengine hukuyaona. Shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo pakiwa na kosa la herufi rekebisha wewe mwenyewe, ndiyo kazi uliyoajiriwa.

1. Mwezi uliopita ulitoa ukurasa wa mbele picha ya tajiri mmoja aliyenunua hisa za kampuni hiyo ya dawa. Tajiri kaketi kwenye kiti cha ngozi, mguu juu ya mguu. Siku ile ile mwanangu naye alinunua hisa zake, kwa simu, akiwa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya maabara, wakati wa chai. Yeye ni fundi wa mashine za maabara hospitalini, wenzake humwita Vipimo kwa sababu hata kikombe cha chai hukitazama kwanza kama kimejaa sawasawa. Je, gazeti lako lilisema neno? Kimya. Nilipomuuliza mwanangu kwa nini, akasema, "Mama, yule kanunua nyingi, mimi nimenunua chache." Nikamwambia, baba, mwenye mali ni mwenye mali. Picha yake nimeiambatanisha. Koti ni la mjomba wake, lakini uso ni wake kabisa.

2. Ukurasa wako wa tisa, kila Jumanne, una mtu anayejiita Jicho la Soko. Jina hana, picha hana, lakini maneno anayo. Jumanne ya wiki iliyopita aliandika hivi, nanukuu: "Mwekezaji mdogo akae mbali na hisa za teknolojia na za dawa mpya, isipokuwa awe amesoma hesabu za kampuni yeye mwenyewe. Asiyesoma anacheza kamari, hata kama amevaa koti." Ndugu Mhariri, hilo koti kalijulia wapi? Tena mwanangu anasoma! Hesabu za kampuni huzisoma na kalamu nyekundu mkononi, kama mwalimu. Maoni yake ninayajua kwa moyo, maana hunieleza nikiwa nageuza mayai. Kwenye teknolojia, anasema, usitazame tangazo, tazama kama wateja wa mwaka jana wamerudi mwaka huu. Kwenye dawa, usiulize wagonjwa ni wangapi, uliza kampuni ina pumzi ya miaka mingapi kabla haijaanza kuomba fedha. Na kote kuwili weka kile tu ambacho kikipotea utalala usingizi. Sasa niambie, hayo ni maneno ya mcheza kamari? Mimi mcheza kamari namjua, ni shemeji yangu, na hajawahi kusoma kitu chochote kwa kalamu nyekundu.

3. Huyo Jicho akaendelea kusema kampuni ya dawa ya mwanangu ina miaka tisa na haijauza hata kidonge kimoja. Miaka tisa! Kaandika kama aliyefumania mwizi. Mhariri, njoo siku ya kumi na nane uweke sikio kwenye mashine yangu. Hutasikia kitu. Umeme unakwenda, maji ya unyevu nimeweka, joto nimelinda kama mwana mchanga, na ndani kimya kitupu. Siku ya ishirini na moja ndipo utafunga masikio. Kuna mtu wa kuja siku ya kumi na nane kuniambia sina bidhaa? Na huyo Vipimo mwenyewe, nimemlea miaka ishirini na tisa. Kutembea alichelewa, kusema alichelewa, mtihani wa udereva alifeli mara ya kwanza, akafeli ya pili, akapita ya tatu. Dawa nazo zina hatua tatu za majaribio, amenieleza. Kama ningesikiliza watu wa aina ya Jicho la Soko, mtoto huyu ningemuuza akiwa darasa la nne, na leo nani angenitengenezea mashine yangu ikigoma?

Halafu Jumanne hii kanichokoza zaidi, kaingia hadi kwenye kazi yangu. Kaandika: "Mfugaji mmoja ninayemheshimu sana aliniambia hamuliki mayai kwa tochi kabla ya siku ya saba, kwa kuwa kabla ya hapo hujui unachokiona. Tena hapokei malipo ya yai. Hupokea ya kifaranga kilichokwisha kukauka manyoya." Huyo mfugaji simjui, lakini kazi anaijua, ndivyo nifanyavyo hata mimi. Linaloniuma ni kwamba mfano wa kuku ulikuwa wangu niutumie kumpiga yeye, na yeye kauwahi.

4. Maneno ya gazeti lako yamenidhalilisha mbele ya watu. Ile kampuni ya teknolojia ina duka la kuhudumia simu jirani na kituo cha mafuta. Nilikwenda kurekebishiwa laini yangu, nikakuta foleni imetoka nje hadi kwenye ngazi. Nikapita moja kwa moja mbele. Mlinzi akanyoosha mkono: "Mama, foleni." Nikamwambia kwa upole, kijana, unamzuia mama mzazi wa mwenye duka. Akanitazama kuanzia kanga hadi ndala. "Basi mama, mwambie mwenye duka aongeze mhudumu, yuko mmoja tu na miguu inatuuma." Foleni nzima ikacheka. Na kumbe kwapani alikuwa amebana gazeti lako! Akalifungua akaniambia, "Ona, hapa wamesema wadogo wakae mbali, na wewe ndiyo kwanza unasogea." Nilipanga foleni, Mhariri. Nilipanga saa nzima nyuma ya mtu aliyeleta simu iliyoangukia kwenye supu. Jioni nilimfikishia mwanangu ujumbe wa mlinzi kuhusu mhudumu wa pili, na mpaka leo naona hajachukua hatua.

5. Hili ndilo lenyewe. Hayo mengine ningeyameza.

Mwanangu amepata mchumba. Jumamosi ya tarehe kumi na nne wazazi wa binti wanakuja kwangu, mara ya kwanza, kutuona tunaishije na mwanangu ni mtu wa namna gani. Binti nimeshamwona na nimempenda mpaka naona haya. Anafanya kazi ofisini, mambo ya hesabu na kuandikaandika, sikuingia ndani zaidi. Alipokuja alivua viatu akaingia moja kwa moja kwenye chumba cha mashine, akaniuliza, "Mama, kwenye mayai mia hutotoa mangapi? Na yasiyototoa unayajuaje mapema?" Mtoto wa kike wa mjini, anauliza mambo kama hayo! Nikamweleza yote, na alivyo na adabu, akawa anaandika kwenye kijitabu.

Lakini baba yake, Mhariri, ni mtu wa gazeti. Alikuwa mkaguzi wa shule, kastaafu. Wifi yangu aliyekwenda kuwasalimia anasema mzee yule ukurasa wa tisa haumpiti, kila Jumanne huusoma kwa sauti, mkewe akae, jirani akae, kisha huukunja na kuuweka kabatini na vyeti. Alimwambia wifi, "Asiyesoma ukurasa wa tisa, mimi na yeye tutazungumza nini?" Unaona nilipobanwa? Atakuja kwangu na yale maneno kichwani. Atamtazama mwanangu amevaa koti, atakumbuka kamari na koti, na binti ataondoka na wazazi wake kama alivyokuja. Mimi nitabaki na mashine.

Na mwanangu hanisaidii. Nikimtukana Jicho la Soko mezani, chai inampalia. "Mama, muache, anafanya kazi yake." Makala zake huzikata zote, ziko kwenye boksi la viatu chini ya kitanda. Nadhani anamchunguza adui.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naomba kwa heshima. Kwanza, kabla ya Jumamosi hiyo ukurasa wa tisa uandike kwamba wapo wawekezaji wadogo wenye akili, na utaje kwa mfano fundi mmoja wa maabara. Pili, Jicho la Soko aombe radhi, na picha yake itoke, tumwone. Tatu, ukurasa huo apewe mwanangu, ana nafasi siku za mapumziko. Nne, uongee na wakubwa wa soko la hisa walifunge wiki ile, kwa ukarabati au kwa sababu yoyote watakayoona inafaa, bei zisije zikashuka mbele ya wageni. Na tano, yote hayo yakikushinda, basi huyo Jicho mwondoe kazini, au mhamishie kwenye utabiri wa hali ya hewa, akawatishe watu na mvua.

Nakusalimia wewe na nyumba yako, nawasalimia wapiga picha, wapanga kurasa, dereva anayeleta magazeti, mama anayewapikia chai hapo ofisini, na yule anayetunga fumbo la maneno; mwambie la Jumapili lilinishinda namba saba kwenda chini. Nawasalimia wote isipokuwa mmoja, na anajijua.

Ni mimi mwenye uchungu,
Mama mzazi wa mwenye kampuni mbili

Baada ya sahihi: Mhariri, simama hapo hapo, usimwondoe mtu!

Nimemsomea mwanangu barua hii anirekebishie herufi. Nilipofika kwenye utabiri wa hali ya hewa akakaa juu ya trei ya mayai. Mayai kumi na moja yamevunjika. Akasema, "Mama, Jicho la Soko ndiye yeye." Nikasema yeye nani? "Mkweo."

Kumbe walijuana kwa kubishana! Mwanangu alimwandikia kumpinga juu ya dawa ya kisukari, binti akamjibu kurasa nne, yeye akarudisha sita, wakaendelea hivyo mwaka mzima, na hata siku moja binti hajamwambia anunue ipi au aache ipi. Ile ya koti alimwandikia kumtania. Na kumbe mzee wa watu hapitwi na ukurasa wa tisa kwa sababu anasoma maneno ya mwanawe. Na yule mfugaji anayeheshimiwa sana ni mimi. Nimeisoma tena hiyo sehemu mara tatu, na sasa imo kwenye boksi langu la viatu.

Kwa hiyo malalamiko namba moja hadi tano nimeyafuta. Jicho la Soko amesema kweli tupu: mwekezaji mdogo akae mbali mpaka asome, na kifaranga kihesabiwe kikikauka. Mwongezee ukurasa wa kumi. Soko la hisa liacheni wazi. Barua naituma hivi hivi kwa kuwa stempu nilishabandika, ila wewe isome kuanzia chini, na binti asiione.

Mnakaribishwa kwangu nyote wa hapo ofisini, na wa fumbo la maneno asikose. Hata yule mlinzi nimemwalika, kasema atakuja kama hakuna foleni. Siku hiyo ndiyo ya ishirini na moja ya mashine, vifaranga vitakuwa vinalia, hatutasikilizana, lakini njooni: saa nane mchana, Jumamosi, tarehe kumi na nne.