Ombi la Kupunguziwa Maneno ya Kinorwe Yanayoonyesha Mkubwa Alikoelekea

Kakamega,
Machi 1965

Kwa Bwana Mkuu wa Mafunzo ya Watumishi,
Nairobi.

Bwana Mheshimiwa,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakusihi ufunge mlango. Neno lolote la barua hii lisimfikie mtu, hata mpiga chapa wako, kwani wapiga chapa wana shangazi, na mashangazi wengine wanaishi Kakamega.

Mimi ni karani katika ofisi ya vibali vya miti. Tangu Januari, Bwana Halvorsen, mtaalamu wa misitu kutoka Norwe, anatufundisha lugha yake makarani wawili, ili mwezi wa sita mmoja wetu apelekwe kwao masomoni. Namshukuru. Walakini nina malalamiko.

1. Kinorwe hakijui kumsitiri mtu. Kwetu mkubwa akitoka huacha koti kitini, nasi husema, "Ametoka kidogo." Yatosha. Mnorwe hatosheki. Anataka kujua kama mtu amepanda, ameshuka, ameingia au amevuka. Akiwa bado anashuka ni "ned". Akishafika huko chini na kuketi ni "nede". Serikali gani huru itafanya kazi kwa uwazi wa namna hiyo?

2. Jumanne iliyopita Mama Nabwire wa Mautuma alikuwa bado benchini, akingoja kibali cha kukata mti ulioegemea nyumba yake. Alilitazama koti la mkubwa wetu, Bwana Wanyonyi, akaniambia, "Mwanangu, basi koti lenyewe linipigie muhuri, niende." Mara akaingia Bwana Halvorsen, akaniuliza kwa Kinorwe mkubwa yuko wapi. Niliogopa kukosea mbele ya mwalimu. Nikajibu sawasawa: nede. Na huko chini hakuna jengo jingine ila kwa Mildred mwuza pombe. Akashuka, mama akamfuata, wakamkuta bwana ana mrija wa busaa mdomoni na muhuri mfukoni. Kibali kilitolewa juu ya meza ya pombe. Mti, nasikia, umekwisha katwa.

3. Bwana Wanyonyi aliporudi aliniuliza, "Wewe kijana ni karani, ama ni kibao cha barabarani?" Nikionyesha alipo mara nyingine, atanifukuza. Nikishindwa mtihani, Bwana Halvorsen atampeleka mwenzangu. Kwa hiyo nikijibu vibaya nakosa Norwe, nikijibu vizuri nakosa kazi, na mama yangu amekwisha litangazia kanisa zima kwamba mwanawe anakula mshahara akiwa ameketi.

4. Fikiria lugha hii ikienea mkoa mzima. Wananchi watawafuata wakubwa waliko, na mabenchi tuliyonunua kwa ajili ya Uhuru yatabaki matupu. Mzungu aliyekikalia kiti hiki zamani alishinda kutwa kwenye uwanja wa gofu, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Je, Mwafrika asipate heshima ile ile?

Naomba basi Serikali yetu iiandikie ya Norwe, maneno hayo yote yafutwe, libaki moja tu lenye maana ya "kidogo".

Wasalimie wote walio ofisini kwako, na makoti ya wasiokuwepo.

Wako kwa hofu na utii,
Karani Asiyetaka Kujulikana

Nyongeza: Jibu lisije ofisini. Mjumbe wako ashuke kutoka posta, avuke barabara ya Mumias, apande kijia cha kanisa, kisha aingie hadi chumba cha nyuma kwa Jescah mshonaji, amwulizie Chrispinus. Nipo humo kila siku ya kazi kuanzia saa nne, nakariri Kinorwe. Wenzangu wa ofisini asiwaulize kabisa. Watamwambia nimetoka kidogo, naye atazunguka mji mzima bila kunipata.