Kifaru wa Sitini na Moja

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Wanyama,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote ulio nao, ingawa wingi wao ndio ulionifanya nishike kalamu.

Mimi ni msichana niliyemaliza shule juzijuzi, na ninaishi kwa shangazi yangu. Shangazi hukusanya picha za chapa za wanyama wanaokaribia kutoweka. Si picha za kawaida. Kifaru wake ana rangi ya waridi, amevaa miwani ya jua na kupakwa rangi ya midomo. Zilichapwa nakala sitini tu, kwa sababu vifaru wa jamii hiyo walikuwa wamebaki sitini tu, wote kwenu, kisha bamba la kuchapia likavunjwa. Ya shangazi ni namba kumi na saba. Sasa tunasikia amezaliwa ndama. Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkumshirikisha mtu. Watu wazima, wenye kazi zao, walinunua picha wakiambiwa vifaru ni sitini. Leo ni sitini na mmoja. Je, mnadhani bamba lililovunjwa litaungwa kwa gundi?

2. Chumba changu. Jua hufifisha wino, na chumba pekee kisichopigwa sana na jua kilikuwa changu. Kifaru akaingia, nikatoka. Dirisha limezibwa kwa boksi, feni inamzungukia yeye, mimi nalala kwenye kochi la sebuleni na nguo zangu zimo kwenye mfuko nyuma ya mlango. Shangazi aliniahidi vizuri kabisa: "Vumilia, mwanangu. Wakiisha, picha itapanda bei, nitaiuza, nawe utarudi chumbani kwako." Tangu hapo nasubiri waishe. Ndio utaratibu wa nyumba yetu. Nanyi mnazalisha!

3. Mmewaharibia wageni jioni yao. Siku ya habari hiyo wakusanyaji wenzake walikuwa sebuleni, wamekalia kitanda changu, yaani kochi. Mtangazaji alipotaja ndama, nikapiga makofi kwa bahati mbaya. Shangazi akanigeukia: "Wee! Unampigia nani makofi?" Daktari wa meno, mwenye namba hamsini na nane, akashika kichwa: "Si wangejizuia kidogo tu, jamani!" Hawa ndio wapenzi wa wanyama, Mheshimiwa. Wanawapenda kiasi kwamba hawataki waongezeke. Wakazima televisheni, kana kwamba ndama angerudi alikotoka.

4. Kwa hiyo naomba dume atengwe. Jike aonyeshwe picha ya shangazi, aelewe amesababisha nini. Habari za mimba zisitangazwe. Ikishindikana, wachapaji huwa na nakala za majaribio ambazo hazihesabiwi. Ndama aandikwe hivyo, apigwe muhuri sikioni, sote tulale.

5. Nilimuuliza shangazi kama nami naweza kuwekwa kwenye fremu nirudishiwe chumba. Akacheka mpaka chai ikampalia. "Wewe? Wasichana waliomaliza shule wamejaa kila nyumba. Nani atakupa namba?" Hili si kosa lenu. Nimeliandika tu kwa sababu sikuwa na pa kulipeleka.

Nisalimie wafanyakazi wote, daktari wa wanyama, mlinzi wa lango, na vifaru mmoja mmoja. Dume msalimie kwa ubaridi.

Ni mimi, kwa unyenyekevu,
Mtoto wa kaka wa mwenye namba kumi na saba

Nyongeza: Walipozima televisheni, nilikwenda kumalizia habari kwenye redio ya jikoni. Walisema mama amemkataa ndama, na mnatafuta mtu wa kumnywesha maziwa kwa chupa, mtu mtulivu, kwa kuwa sauti za watu humshtua. Shuleni niliandikiwa kila muhula kwamba siongei. Mfuko wangu tayari uko nyuma ya mlango. Yote ya hapo juu yafuteni. Na kama kuna jike mwingine mwenye mimba, shangazi asiambiwe. Niambieni mimi.